Niangalizie Huyu Kidogo

Baba yangu hajawahi kutunga sentensi hata moja maishani mwake, na hilo hulitaja kama wengine wanavyotaja kwamba hawajawahi kuiba. Kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili ina maneno elfu kumi na saba. Kila neno lina mfano, na kila mfano umetoka kinywani mwa mtu. "Mfano wa kutunga ni ushahidi wa uongo," husema, akinyoosha kidole. Kwa hiyo mbele ya kila kadi kuna neno, maana yake na mfano. Nyuma ya kadi kuna nani alisema, wapi, tarehe ngapi na saa ngapi. Nilipokuwa msichana nilimuuliza hiyo saa inamsaidia nini msomaji. Akanijibu kwamba msomaji hajui kinachomsaidia.

Alifanya kazi posta, dirisha namba mbili, la stempu na vifurushi, miaka thelathini na sita. Watu walikuja kununua stempu, wakaondoka wameacha maneno. Kadi tupu alizifunga kwa mpira na kuziweka chini ya kaunta, na alikwenda herufi kwa herufi. Akiwa kwenye B, masikio yake yalisikia B tu. Mama alikuwa anasema ukitaka kumwambia huyu bwana nyumba inaungua, muulize kwanza yuko herufi gani. Kadi zenyewe alizibatiza jina la mke mwenza.

Mimi ni mtoto wao wa pekee. Wananiita Nukta, kwa sababu nilikuwa mdogo kiasi kwamba, kwa maneno ya Mama, nilipimwa kwa mizani ya vifurushi pale posta. Utani huo nimeusikia tangu utotoni na nikauzoea kama ukuta wa sebule. Kazi yangu ni kusahihisha kurasa za gazeti, zamu ya jioni. Asubuhi, tangu presha ya macho ilipomnyang'anya Baba kuona miaka mitatu iliyopita, nimekuwa macho yake. Nasoma kadi mbele, nasoma nyuma, naye anasema "imepita" au "itoke." Ikipita, natia saini yangu pembeni. Mimi ndiye mhariri. Jina langu litakuwa ukurasa wa pili, chini ya lake, kwa herufi ndogo zaidi. Hilo tulishagombana tukamaliza.

Tulisoma A mpaka J. Tulipofika K akasema ni herufi nzito, tuiruke, tutairudia. Tukasoma L mpaka Z. Hata zile kadi sita za X tulizisoma. K ikabaki kwenye boksi lake la viatu, juu ya kabati, hadi mchapaji alipopiga simu na kusema kwamba asipoipata Ijumaa ataingiza mashineni kazi ya mtu mwingine.

Hiyo Ijumaa nilifika mapema. Nyumba yao inatazamana na posta, hatua ishirini kuvuka barabara. Ni nyumba mbovu. Paa linavuja mahali patatu na beseni za mvua zina makao yao ya kudumu, moja karibu ya redio, moja mlangoni, moja kitandani kwa wazee. Nimewaomba wahame mpaka nimechoka. Niliwahi kuwapatia nyumba nzuri yenye veranda, Mama akaitazama, akasema nzuri sana, akarudi zake kwenye beseni.

"Leo asome mama yako," Baba akasema kabla hata sijakaa.

Mama alikuwa jikoni anasugua sufuria. "Mama yake hasomi!" akajibu kwa sauti ya kupita ukuta. "Miaka arobaini nimenyamaza, leo ndiyo nifanywe mtangazaji? Asome mwenyewe."

Nikacheka. Nilidhani ni yale yale ya mke mwenza.

Tulianza vizuri. Maneno ya K katika Kiingereza si mengi, na mengi yake ni ya jikoni na vyombo. Saa nne kasoro tukafika kwenye keep. Nikalitoa bunda lake, nikalihesabu.

"Kadi kumi na nne kwa neno lenye herufi nne," nikamwambia. "Baba, hapa ulizidisha chumvi."

"Ni neno gumu hilo," akasema. Ukitaka kumtuliza baba yangu mpe asili ya neno, na kweli nikamwona anaanza kulegea. "Waingereza hulisema mara mia kwa siku, na hakuna anayejua kwa hakika limetoka wapi. Maneno mengine yana ndugu. Ukienda kwa Wajerumani unawakuta, kwa Waholanzi unawakuta. Hili wataalamu wamelitafutia ndugu, hawajapata wa kuaminika. Linaonekana tu kwenye maandishi ya zamani, limeshakuwa kubwa, linafanya kazi."

"Kwa hiyo limeokotwa," nikatania.

Hakucheka. Alipapasa mkono wa kiti, akaupata, akaushika.

"Na zamani maana yake haikuwa kuweka," akaendelea, polepole sasa. "Mojawapo ya maana zake za kale ni kutazama. Kutomtoa mtu machoni. Mambo ya kuweka na kutunza yalipata nguvu baadaye."

Nikasoma kadi ya kwanza. Kutunza: "Viatu vyako umevitunza, vina miaka lakini havina uzee." Nyuma, fundi viatu, ngazi za posta. Imepita. Ya pili, kukaa bila kuharibika: "Maziwa haya hayafiki kesho." Jirani, mlangoni. Imepita.

Nikashika ya tatu.

"Maana ya tatu," nikasoma. "Kuangalia mtu au kitu kwa niaba ya mwenyewe. 'Niangalizie huyu kidogo, nakuja sasa hivi.'"

"Hiyo ruka," Baba akasema.

Katika miaka mitatu tumesoma kadi elfu kumi na saba na zaidi. Amezitoa nyingi, nyingine kwa matusi. Hajawahi kuniambia niruke hata moja. Kanuni yake mwenyewe ni kwamba kadi husomwa mbele na nyuma ndipo ihukumiwe. Kwa hiyo nikaigeuza, nusu kwa mazoea, nusu kwa ukaidi, ambao kama ni wa kurithi basi niliujua nimeurithi kwake.

"'Mwanamke, hajulikani. Dirisha namba mbili. Tarehe tisa, mwezi wa sita...'" Nikaona mwaka. Nikaangua kicheko. "Baba! Hii si siku niliyozaliwa mimi? Mke wako yuko hospitali anahangaika na uchungu, wewe uko dirishani unaokota mifano! Mama, unasikia? Saa nne na dakika kumi asubuhi!"

Kule jikoni sufuria ilinyamaza.

Nilikuwa bado nacheka. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu linaniuma mpaka leo, kwamba habari ile ilinikuta meno nje. Nikamtazama Baba nione kama amekasirika. Alikuwa amefumba macho. Mtu asiyeona, anayefumba macho, anafumba nini? Ndipo neno moja kwenye ile kadi likanirudia. Huyu. Mtu hasemi "huyu" akiacha kifurushi.

"Huyu nani?" nikauliza.

Akaendelea kufumba macho.

"Baba, nakuuliza. Huyu nani?"

Mama akatokea mlangoni, mikono ina povu hadi kwenye viwiko. "Mwambie," akasema. "Au msomee mwenyewe, kama unaweza."

Sikungoja. Nikachukua kadi ya nne. Kubaki na kitu: "Nitabaki naye mimi mpaka mwenyewe arudi." Nyuma, mke wangu, kituo cha polisi, tarehe tisa mwezi wa sita, saa kumi jioni. Kadi ya tano. Kuendelea kukaa mahali: "Hatuhami hapa. Akirudi atatukuta wapi?" Mke wangu, jikoni, tarehe ishirini na mbili. Ya sita. Kuendelea kufanya jambo: "Endelea kumwimbia, ndiyo anasinzia." Mke wangu, chumbani, saa moja na nusu jioni.

Alikuwa kwenye K. Wiki zile zote alikuwa kwenye K, kwenye neno keep, na yote yaliyosemwa katika nyumba ile yaliingia kwenye kadi, na kadi zikaingia kwenye boksi la viatu, na boksi likakaa juu ya kabati miaka arobaini. Nimelipangusa vumbi boksi lile kwa mkono wangu. Nililipangusa hata nilipokuwa mtoto, nikisimama juu ya kiti.

Nilipigwa na butwaa. Watu husema hivyo kirahisi, hata mimi nimesahihisha gazetini mara mia, "wananchi wapigwa na butwaa," nikapita. Sikujua kwamba ni kipigo kweli. Masikio yalivuma, mate yakakauka, na mwili mzima ukapoa kuanzia magotini. Nilimtazama Mama, pua yake ambayo shangazi zangu wote wameapa kwamba ndiyo yangu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba haifanani na yangu hata kidogo. Haijawahi kufanana.

"Mizani ya vifurushi," nikasema. Ndiyo maneno yaliyonitoka, katika maneno yote.

"Kilo tatu na gramu mia nne," Mama akasema. "Mkuu wa posta ndiye aliyekupima, polisi walitaka kuandika. Sijakudanganya kwa hilo."

"Kwa hilo!" nikapiga kelele. Mimi si mtu wa kulia, ni mtu wa kupiga kelele. "Na mengine? Miaka arobaini, Mama! Mtu unaweza kunyamaza miaka arobaini?"

"Nilitaka kukuambia ukiwa na miaka saba. Akasema ngoja nimalize L. Nikataka kukuambia ulipomaliza shule. Akasema ngoja nimalize P. Huyu kila mwaka alikuwa na herufi." Akajifuta mikono kwenye nguo bila kuitazama. "Na mimi nikamwachia anizuie, kwa sababu niliogopa. Nisikufiche na hilo. Nilikuwa naogopa utavuka barabara kwenda kumtafuta."

"Tulingoja," Baba akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Tulikwenda polisi siku ile ile. Mahakama ilingoja miezi minane ndipo ikatupa wewe. Nilipandishwa cheo mara mbili, nikapangiwa ofisi nyingine, nikakataa. Nilikaa dirisha lile lile mpaka nikastaafu."

Nikatazama nje. Posta ile pale, milango yake ya kijani, hatua ishirini. Nikatazama beseni iliyo karibu ya redio. Nyumba yenye veranda ikanijia, na mimi nikiwaita wazee wabishi. Hasira yangu ilitaka mahali pa kusimama, ikakosa, ikazidi.

"Basi," nikasema. "Yamekwisha kumwagika. Niambieni jambo moja tu, mengine tutagombana kesho. Alikuwaje?"

Mama akamtazama Baba. Yeye hakuwepo pale dirishani, asingeweza kunijibu.

"Baba. Alikuwa mrefu? Mfupi? Msichana au mtu mzima? Alivaa nini? Wewe una kumbukumbu ya fundi viatu aliyesema jambo miaka arobaini iliyopita. Nipe uso wake."

"Sina," akasema.

"Huna vipi?"

"Sikumtazama."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia.

"Sikumtazama, Nukta. Maana ile ya tatu ilinisumbua miezi miwili. Nilijua neno limetokana na kutazama, nikataka mfano mmoja wa Kiswahili ambamo kutazama na kutunza viko pamoja, katika neno moja. Sikupata. Nilikuwa nimeinama napanga stempu, nikasikia sauti inasema 'niangalizie.' Nikasema moyoni, hilo hapo! Nikachukua kadi. Nikaandika."

"Ukaandika."

"Maneno sita. Halafu nikageuza nyuma, nikaandika dirisha na tarehe. Halafu..."

"Halafu saa," nikamalizia.

"Halafu saa. Nikageuka kutazama saa ya ukutani. Nilipogeuka tena, kulikuwa na kikapu juu ya kaunta, kando ya mizani, na wewe ndani ya taulo. Nikatoka mbio mpaka barabarani. Watu wengi. Nimtafute nani? Simjui."

Hapo ndipo nilishtuka mara ya pili, na mshtuko wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Kuokotwa ni jambo la watu, limetokea tangu dunia iumbwe, nami ningelizoea. Lakini palikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyesimama mbele ya mama yangu mzazi siku ile, hatua moja kutoka usoni kwake, na macho mazima. Alimwomba mtu huyo aangalie. Naye akaangalia saa.

Simu ililia, mchapaji, ikalia mpaka ikachoka. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mlangoni, amekumbatia viwiko vyake. Alionekana mdogo. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nimeyasikia hayo kwenye kila harusi, na mbele yangu alikuwa ameketi mwenye kazi yake, anangoja kama nitamfukuza kazini.

"Itoke hiyo," Baba akasema ghafla. "Kadi ya tatu. Msemaji hajulikani. Kanuni ni kwamba msemaji asiyejulikana haingii kwenye kitabu. Itoe."

"Usiniletee kanuni zako leo!" Nilisimama, kiti kikaanguka. "Hiki ndicho kitu pekee nilicho nacho cha kwake. Hukuniachia uso, hukuniachia jina, unataka uniondolee na hiki?"

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye yale macho ambayo hayana kazi nyingine tena.

Nikainua kiti, nikaketi karibu yake, magoti yakagusana. Baba yangu hana macho lakini masikio yake ni ya ajabu. Anaweza kukuigia mkuu wa posta aliyekufa zamani, mpaka kikohozi.

"Sema alivyosema," nikamwambia.

"Nukta..."

"Hukumwona, lakini ulimsikia. Sema vile vile."

Akainamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya akiwinda sauti. Halafu kutoka kwenye kinywa cha mzee wa miaka sabini na mingi ikatoka sauti nyepesi, ya chini, ya mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

"Niangalizie huyu kidogo," akasema. Akatua. Nikasikia maji yakidondoka jikoni, tone, jingine. "Nakuja sasa hivi."

Mama alijifunika mdomo.

"Mbona umetua?" nikauliza. "Umesahau?"

"Sisahau. Alitua yeye. Koma ile kwenye kadi ni ya kwake, mimi siweki koma pasipo pumzi." "Nilishaanza kuandika. Nilikuwa nimefika kwenye 'huyu.' Akanyamaza, nikashukuru, nikapata nafasi ya kumfikia. Nimefikiria kimya kile miaka yote hii. Mimi nadhani alikuwa anangoja nimtazame."

Ningeweza kumwambia maneno mengi, na baadaye niliyasema, baadhi yake yakiwa mabaya. Pale sikuwa nayo. Nilikuwa nasikiliza ile nafasi baada ya "kidogo," urefu wake.

Simu ikalia tena. Nikaipokea, nikamwambia mchapaji K inakuja leo, saa sita, asiingize kazi ya mtu. Nikachukua kalamu. Nyuma ya kadi ya tatu nikakata neno "hajulikani" kwa mstari mmoja, kama tunavyokata makosa, na juu yake nikaandika: mama mzazi wa mhariri. Nikamsomea Mama nilichoandika, maana yeye ndiye niliyemwogopa.

"Ndivyo," akasema. "Na ile ya nne?"

"Ya nne imeandikwa 'mke wangu.'"

"Hiyo si kamili," akasema Mama. Akasubiri.

Nikaongeza: mama wa mhariri. Bila mzazi, bila mlezi, bila kitu. Nikatia saini kadi zote mbili.

"Imepita," nikasema, kabla Baba hajafungua kinywa.

Zilibaki kadi nane za neno lile. Nikashika ya saba na kuanza kusoma. Katika miaka mitatu Baba amekuwa akinisikiliza akiwa ameinama, kidevu kifuani, kwa sababu ndivyo anavyosikia vizuri. Siku ile aliinua uso, akaugeuza mpaka ukanielekea mimi. Nilimwambia atapata maumivu ya shingo. Hakuinama tena mpaka kadi ya kumi na nne.